Farsha Imeshuka

Mwalimu Zaid, aliyefundisha fizikia pale kijijini Tamsalt, alikuwa na ugonjwa mmoja: aliamini watu wakielezwa watasikia. Kila mwezi, Jumamosi asubuhi, alifungua ukumbi wa Nyumba ya Vijana, akapanga viti, akawasha projekta na kurusha mhadhara wa sayansi mtandaoni kwa yeyote mwenye simu. Mhadhara wa nyota ulihudhuriwa na watu sita, wawili kati yao wamekuja kuchaji simu. Wa chanjo ulivunjika kwa ugomvi. Lakini alipotangaza kwamba mgeni wa safari hii ni Dokta Tuda binti Bassu, mtaalamu wa maji ya ardhini kutoka Rabat, watu walijaa mpaka madirishani. Mtoto wa nyumbani akirudi na udokta, hata wasiotaka sayansi huja kuangalia amevaaje.

Tuda hakuja kuonyesha nguo. Alikuja kwa ajili ya khettara ya baba yake, ule mfereji wa chini kwa chini ambao mababu waliuchimba kutoka mguuni mwa mlima hadi kwenye mitende. Katika bonde zima ulikuwa umebaki huo tu unaotoa maji. Mingine ilikauka tangu visima vya mashine vilipoingia pamoja na mashamba ya matikiti. Mzee Bassu alinywesha mitende yake kwa zamu, mstari huu leo, ule keshokutwa. Hesabu za Tuda zilimwambia kwamba visima vikiongezeka hata vichache, mfereji utakufa na mitende nayo itakufa. Alitaka watu wa kwao waache kuchimba. Hakuwa na haja nyingine.

Wenzake wa Rabat walimshauri atumie maneno yanayojulikana, naye akachagua neno farsha. Wataalamu wa huko huita hivyo tabaka la maji lililo ardhini, na watu wa Tamsalt hulijua vizuri kwa sababu farsha ni godoro, na kila usiku wanalilalia.

"Tumelalia farsha ya maji," aliwaambia, huku ramani ikiwaka ukutani. "Zamani ilikuwa karibu, mtu akichimba urefu wa mtende anaikuta. Sasa imeshuka. Hapa tulipo iko mita mia na arobaini. Ng'ambo ya mto imekwisha. Pale penye buluu nzito, karibu na makaburi ya zamani, ndipo imebaki nene kidogo. Tuiache ipumzike, jamaa zangu."

Walipiga makofi. Hakuna aliyebisha, na hapo ndipo Tuda alipopaswa kushtuka, maana watu wa Tamsalt hawakubaliani hata kama mwezi umeandama. Akarudi Rabat na moyo mweupe.

Kilichomponza ni neno moja, tena alilozaliwa nalo. Kwa watu wa khettara, maji kushuka si habari ya msiba, ni wito wa kazi. Tangu enzi za mababu, mtu akitoka mferejini na kusema "yameshuka", wanaume huchukua sururu na vikapu wakateremka kuyafuata, na wanawake huwapelekea mkate. Tuda mwenyewe alipokuwa mdogo alibeba mkate huo kichwani. Hajawahi kutokea mtu Tamsalt akasema yameshuka kwa maana ya tuache. Lakini elimu nayo, ukikaa nayo sana, inakusahaulisha unakotoka.

Wiki iliyofuata kaka yake mdogo, Addi, alimpigia simu kwa furaha.

"Dada, umetuheshimisha. Video yako imefika mpaka kwa jamaa zetu kina Moha huko Ubelgiji."

"Wameitazama yote?"

"Yote nani ana muda nayo? Ile sehemu ya ramani. Mashine yetu ya kuchimba inaingia kesho pale makaburini. Kina Hammu nao wameagiza ya kwao, si unawajua kwa wivu."

"Addi, nilisema tuache."

"Ulisema imeshuka. Ukataja mita, ukaonyesha na mahali. Sasa unamwonyesha mtu mlango halafu unamkataza kubisha hodi?"

"Mfereji wa baba utakauka, wewe."

"Baba ndiye aliyesema tuchimbe. Anasema mwanangu ameyasomea haya, hawezi kutupoteza."

Tuda alikata simu akalia, akajiona mjinga kuliko wote waliokuwa ukumbini. Alipiga tena kwa baba, kwa Zaid, hata kwa kina Hammu. Wote walimshukuru.

Kufikia mwisho wa kiangazi khettara ilikuwa imekauka. Zaid akampigia kumwomba arudi. Watu wanamtaka, alisema, na waliojiandikisha kutazama mtandaoni ni wengi kuliko wakazi wa Tamsalt. Tuda akakubali. Safari hii, alijiambia, hakuna mafumbo wala magodoro.

Mzee Bassu alikaa kiti cha mbele, amevaa jalaba yake ya Idi. Tuda alisimama akasema bila kuzunguka: "Sikuwaambia mchimbe. Nilikosea namna ya kusema, na mfereji wa baba yangu umekufa. Leo nasema wazi: mkiendelea kuchimba, wajukuu wenu hawataishi hapa."

Wakaitikia kwa vichwa, kwa adabu, kama watu wanaosikiliza hotuba ya Ijumaa huku duka likiwasubiri. Kisha Zaid akasoma swali lililotoka Ubelgiji.

"Kuna ndugu anasema, dokta asituchoshe na dibaji. Chini ya farsha kuna nini?"

Ukumbi ukacheka. Tuda hakucheka.

"Mwamba," alijibu.

"Mkavu kabisa?" akauliza mke wa Hammu.

"Una nyufa. Kwenye nyufa kuna maji kidogo, ya kale sana. Mvua haiyafikii. Yakitolewa ndiyo yameondoka, hayarudi tena."

Alijisikia akiyasema na hakuweza kuyarudisha maneno. Watu walikuwa wameshaacha kucheka, kila mmoja ameshika simu yake juu. Ndipo Mzee Bassu aliposimama polepole.

"Mwanangu," alisema, "mitende ya mama yako imeanza kuinamisha vichwa. Ni mita ngapi?"

Tuda angeweza kusema hajui. Lakini alijua kwamba akidanganya watachimba kila mahali mpaka wayapate, na akisema kweli watachimba mahali pamoja na kuyamaliza upesi zaidi. Njia zote zilifika pale pale. Na yule mzee hakuwahi hata siku moja kumwomba kitu, hata siku alipouza ngamia wake ili binti aende chuo. Moyo wake ulikata tamaa pale pale, mbele ya watu wote.

"Mia tatu na ishirini, baba."

"Mungu akuzidishie elimu," alisema Mzee Bassu, akakaa.

Mwalimu Zaid akachukua chaki, akaiandika namba ile ubaoni kwa tarakimu kubwa, ili na watazamaji wa mbali waione.