Nywele za Ukutani

Jumatatu asubuhi kinyozi alikuwa anamnyoa fundi viatu ndevu wakati mama muuza mkaa alipoingia na kwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa ndani. Alimtazama mwanawe aliyechorwa pale, akainamisha shingo, akamtazama tena, kisha akasema nywele zimezidi.

"Zimekuwa kichaka. Mpunguzie, baba. Huko aliko akiingiwa na chawa nani atamchambua?"

Kinyozi alifuta wembe kwenye taulo. Ilikuwa kweli. Alipomchora kijana huyo, muda mfupi baada ya lori la jeshi kumchukua, alimpa kipara kinachong'aa kama alivyoondoka nacho. Sasa nywele zilikuwa zimefunika masikio na zimeanza kumgusa jirani yake wa kulia. Alimwambia muuza mkaa asubiri zamu, kwani aliyeko kitini ndiye wa kwanza hata kama vita vinapiganwa. Fundi viatu, povu usoni, alisema mwanawe wa kwanza naye zimemkua, ila yeye ameziacha makusudi kwa sababu kijana ana komwe na zinamsitiri.

Ndevu zilipokwisha, kinyozi alichanganya rangi ya ngozi kwenye kifuniko cha kopo, akachovya brashi na kuzipunguza nywele kuanzia shingoni. Muuza mkaa alisimama nyuma yake akimwelekeza. Aliporidhika alishukuru, akaenda zake kufungua biashara.

Kinyozi hakufundishwa kuchora na mtu yeyote. Zamani alimwita mchoraji wa mabango amchoree vichwa vya mitindo nje ya duka, panki, denge na kipara, lakini bwana yule aliweka uso mmoja kwenye vichwa vyote, uso wa mtu anayeumwa jino. Wapita njia wakawa wanauliza kama humu mnanyoa au mnang'oa. Ilimkera. Alichukua rangi iliyobaki baada ya geti la jirani kupakwa, akafagia nywele za wateja sakafuni, akazifunga kwenye kijiti kwa uzi wa mkewe, akapata brashi. Vichwa vyake vya kwanza vilifanana na viazi. Baadaye vikawa vinafanana na watu, na baadaye zaidi na watu fulani, hadi ikabidi aombe radhi nyumba mbili tatu.

Mawazo ya kuchora aliyaokota popote. Madoa ya unyevu darini yalimfundisha mashavu. Kopo la biskuti lenye picha ya bibi mwenye kofia lilimfundisha kivuli cha pua. Kioo cha dukani kilimwonyesha kwamba uso wa mtu una pande mbili zisizopatana, na kwamba mchoraji akizipatanisha anaharibu. Yaliyobaki aliyajua kwa vidole. Ukishika vichwa vya mtaa mzima utamjua aliyeanguka utotoni, aliyepigwa na anayelalia ubavu mmoja.

Vita vilipoanza mpakani, amri ilikuwa kila nyumba itoe kijana mmoja. Kabla ya kupanda lori vijana walipita kwake kunyolewa kipara. Aliwapangusa shingo, akawaambia haya, wakaenda. Siku ya pili duka lilikuwa tupu. Kinyozi alikaa kwenye kiti cha wateja akiwa na hasira asiyojua pa kuipeleka. Wenye maneno walikuwa wameshasema na hawakusikilizwa. Yeye alikuwa na ukuta. Basi akaanza kuwachora mmoja mmoja, kwa kumbukumbu ya vidole, wale wote aliowanyoa. Kufikia mwisho wa mwezi nywele zikaanza kuota.

Asiyekuwa ukutani ni mmoja tu, mwanawe mwenyewe. Mtaani walimwita Kisogo kwa sababu kichwa chake kilitokeza nyuma kama mpini. Mke wa kinyozi, mshonaji aliyekuwa na cherehani yake chumba cha pili, aliuliza mara kwa mara mtoto wao anachorwa lini. Kinyozi alisema sehemu iliyobaki ina unyevu. Akiulizwa tena alisema rangi ya ngozi imekwisha. Mkewe hakubishana. Alirudi kwenye cherehani na kukanyaga pedali kwa nguvu kidogo.

Kwamba kazi ya ukutani inafika huko iendako, walilithibitisha siku Kipilipili, mmoja wa vijana wa ukutani, alipokuja likizo, mkono umefungwa bendeji. Hakupitia kwao kwanza. Aliingia dukani, akakaa kitini, akageuza kichwa.

"Mzee, huku kushoto ulinipinda," alisema. "Nimeamka handakini wenzangu wanacheka."

Kinyozi aliomba radhi, akasema siku ile brashi ilikuwa imekauka. Alimsawazisha kwa wembe. Kipilipili alisimulia jinsi mkuu wao alivyowapanga mstari kutafuta nani ameingiza kinyozi kambini kwa siri. Mwana wa muuza mkaa alituma salamu, na ombi kwamba asije akanyolewa denge, kofia ya chuma inateleza. Wengine walitaka kujua kama anaweza kuwachorea na mkate. Kinyozi alijaribu jioni hiyohiyo. Alichora mkate mzuri, wenye mvuke, karibu na kidevu cha mmoja wao, lakini ulibaki rangi. Yeye alikuwa fundi wa vichwa.

Kuhusu Kisogo, Kipilipili alisema alipelekwa kikosi kingine na hawajaonana.

Mvua zilipoanza, nywele za mwana wa muuza mkaa ziliacha kukua, zikasimama zilipofika. Wiki ya kwanza kinyozi alidhani ni baridi. Wiki ya pili alipitisha kiganja juu ya kichwa kile, akaona rangi imekuwa laini na kavu kama ya bango lolote. Muuza mkaa alikuja siku yake ya kawaida. Aliinamisha shingo, akaweka kiganja palepale kinyozi alipoweka chake.

"Amesimama," alisema.

Alijitanda khanga kichwani, akaenda kufunga biashara. Majirani walikwenda kukaa naye. Redio ilikuwa inasema vijana wetu wote wanaendelea vizuri, na watu wa msibani waliipunguza sauti bila kuizima, kwa vile taarifa ya hali ya hewa ilikuwa inafuata.

Wengine nao wakasimama, huyu leo na yule wiki ijayo. Mtaa ukawa na misiba ya watu ambao ofisi ilisema wazima. Ndipo alipokuja ofisa wa uandikishaji, mtu mpole, mwenye viatu vinavyolia kila akikanyaga. Aliomba kunyolewa kwanza. Akiwa kitini alisema serikali haina ugomvi na sanaa na kwamba yeye binafsi alipokuwa mdogo alichora farasi. Kisha akainuka, akaushika ukuta hapa na pale kama mnunuzi wa kitambaa, akauliza zipi zimesimama. Watu waliokuwepo walimwonyesha. Walifikiri sasa angalau vifo vitatangazwa.

Havikutangazwa. Siku iliyofuata lori lilisimama kwa muuza mkaa na kumchukua mwanawe wa pili. Ofisa alieleza kwa adabu kwamba amri ni kijana mmoja kila nyumba, na nyumba ile kwa sasa haina mtu vitani. Makao makuu hawana habari za haraka kiasi hicho, alisema. Akampa kinyozi mkono na kumpongeza. Tangu hapo akawa anakuja kila Jumatatu, viatu vinalia, kiganja ukutani, na lori linamfuata nyuma.

Kinyozi hakula siku mbili. Mkewe aliporudisha sahani ilivyo alimwambia njaa haijawahi kumrudisha mtu. Siku ya Ijumaa fundi viatu aliingia, akafunga mlango nyuma yake. Hakuwa na ndevu za kunyolewa. Mwanawe mwenye komwe alikuwa amesimama tangu juzi, na mdogo wake yuko nyumbani, miguu tayari mirefu kama ya watu wazima.

"Mwongezee kidogo," alisema.

"Nywele?"

"Nywele. Jumatatu yule bwana akishika, akute zimekua."

Kinyozi alimwambia kwamba tangu aanze kuchora hajawahi kumwekea mtu kitu asichokuwa nacho. Fundi viatu alisema anajua, ndiyo maana amefunga mlango. Wakatazamana. Kinyozi akachukua kopo la rangi nyeusi.

Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya. Nywele hazikui kwa kasi moja. Za mwana wa fundi viatu zilikuwa za pupa paji la usoni na za uvivu shingoni. Ilibidi azikumbuke hivyohivyo, azitie moja moja, na rangi aichanganye na vipande vya nywele za sakafuni ili kiganja kikipita kikwaruzwe. Jumatatu ofisa aliushika ukuta, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaondoka bila lori.

Habari ikazunguka bila kusemwa. Kila Ijumaa mlango wa kinyozi ulifungwa saa za mchana, na kila mwenye kichwa kilichosimama alipita. Kwa kuwa nywele zilikuwa zinakua, hapakuwa na haki ya kulia. Mtu hawezi kukaa msibani kwa kijana ambaye ofisa amempapasa akamkuta mzima. Kinyozi akatafuta namna. Waliofiwa walikuja kama wateja, wakalala kitini, akawafunika uso kwa taulo la moto na kuwaacha humo muda wanaoutaka. Akina mama ambao hawajawahi kuota hata unywele mmoja kidevuni walikaa foleni kusubiri taulo. Fundi viatu alikuja mara nyingi hadi mashavu yakawa mekundu, na alipoulizwa njiani alisema ngozi yake haipendi wembe. Muuza mkaa, ambaye alikuwa amelia msiba wake wa kwanza hadharani, alikuja kumsindikiza jirani na kumshikia mkoba. Mara nyingine aliinua ncha ya taulo na kumwambia kitu kidogo, na kicheko kikasikika humo chini, kisha ncha ikashushwa.

Yaliyofuata hakuna aliyeyakadiria. Ofisa aliripoti kwamba katika mtaa wake hakuna anayekufa. Mitaa mingine ilisikia, ikatafuta wachoraji wake, na taarifa zao zikawa nzuri vilevile. Redio ikatangaza kwamba jeshi lisilopoteza mtu lina wajibu mkubwa zaidi, kwa hiyo vita vitafunguliwa na upande wa mashariki, na kila nyumba itoe kijana wa pili. Mwana mdogo wa fundi viatu aliletwa kunyolewa Alhamisi. Baba yake alisimama mlangoni akitazama barabara. Kinyozi alinyoa taratibu kuliko ilivyohitajika. Kijana aliuliza kama kuna tatizo, akaambiwa kichwa chake kina mabonde. Alicheka, akapanguswa shingo, akaenda.

Siku hiyo mshonaji alisimamisha cherehani. Alikuja chumba cha mumewe, akakaa kwenye kiti cha wateja na kumwuliza, bila ukali, rangi ya ngozi inauzwa wapi ili akainunue mwenyewe. Kinyozi alisema rangi ipo. Akasema pia kwamba ukuta haukuwahi kuwa na unyevu.

"Nikimchora nitajua," alisema.

"Mimi nataka kujua," mkewe akamjibu. "Wewe umejua ya wenzako wote."

Kinyozi alijaribu asubuhi iliyofuata. Pua ilikataa. Macho yalikuja, lakini yalikuwa ya mkewe, kisha yakawa ya babake mwenyewe. Alifuta, akaanza upya, akafuta. Mwisho aliacha kuhangaika na uso. Siku ya lori alikuwa amesimama mlangoni na wembe mkononi, na kijana alipanda bila kugeuka kwa kuwa vijana hawapendi kugeuka mbele ya wenzao. Basi kinyozi akachora alichokiona: mabega, shingo iliyopanguswa na kile kisogo kirefu. Kilikuja chote kwa mara moja.

Mkewe alikitazama kwa muda.

"Umemchora nyuma."

"Ndiko ninakomjua vizuri. Nimemnyoa tangu alipokuwa anakaa juu ya ndoo."

Mkewe alikubali. Siku za kwanza kipara kilibaki kipara, na cherehani haikusikika. Halafu asubuhi moja kukawa na kivuli juu ya shingo, na baada ya siku chache zikawa nywele, nyeusi, zenye kipindo kidogo upande wa kulia kama zake zilivyokuwa. Mshonaji akazoea kuja kila alasiri, kazi ya mkono ikiwa mapajani, kutia vifungo au kupinda pindo la gauni. Alizungumza na wateja, akawapasha waliokuwa wananyoa ovyo, akamwambia muuza mkaa kuwa mkaa wake siku hizi ni wa kulia kuliko kuwaka. Alipodhani hakuna anayemwona alipitisha kiganja.

Ilikuwa Jumatatu. Ofisa alishapita na kuridhika, na viatu vyake vilisikika vikishuka barabara kuelekea mtaa wa pili. Kinyozi alikuwa ananoa wembe. Vidole vyake vilikuwa na rangi nyeusi kwenye kucha, lakini vilikuwa hivyo kila siku. Wiki ile peke yake alikuwa ameongezea vichwa vingi.

"Hizi ni zake," mkewe aliuliza, "au ni zako?"

Kinyozi aliujaribu wembe kwenye kidole gumba.

"Zake," alisema.

Mkewe alimtazama kwenye kioo, upande mmoja wa uso, kisha wa pili. Akanyanyua kiti, akakisogeza ukutani, akakaa nyuma ya mwanawe, wote wawili wakiwa wanatazama upande mmoja, akaendelea kutia vifungo.