Gita Lisilojisikia

Msichana waliyemwita Kimya alibakiwa na saa moja tu kabla kiongozi wa bendi hajampa mtu mwingine nafasi yake. Alichotakiwa kufanya kilionekana kidogo: mwishoni mwa wimbo gita la umeme lilie lenyewe, mlio mmoja mrefu usiokatika. Aurekodi nyumbani kwa simu, autume kabla ya saa kumi.

Kimya, mtu wa kutii, aligusa uzi mara moja, akalilaza gita kitandani, akangoja lilie lenyewe. Gita likamtazama. Naye akalitazama. Kati yao hakuna aliyelia, ingawa mmoja alikaribia.

Akatuma ujumbe: halilii. Jibu likaja: "Tatizo gita lako halijisikii."

Hapo akaelewa. Yaani, alidhani ameelewa. Kujisikia alikujua: ni kule kwa binti wa mwenye nyumba, anayepita uani pua juu kama ndiye aliyechimba kisima. Basi na gita nalo lijisikie! Akavaa miwani ya jua ya shangazi yake, akasimama mbele ya kioo cha kabati, kidevu juu, akapiga uzi kwa dharau. Masikioni alikuwa na hedifoni zilizochomekwa kwenye gita, kama siku zote. Tangu anunue gita hakuna jirani aliyewahi kulisikia, na yeye aliuita huo ustaarabu. Mlio ukadumu kidogo, ukafa. Akaongeza dharau. Ukafa upesi zaidi.

Shangazi, fundi cherehani, akaingia kutafuta mkasi, akamkuta amebetua midomo.

"Jino linauma, mwanangu?"

"Nalifanya gita lijisikie, shangazi. Kiongozi kasema."

Shangazi akasoma ujumbe, akacheka mpaka akakalia gauni la mteja. "Kujisikia kwa masikio, we mtoto! Sauti yote umeifungia kichwani mwako, gita litajisikia vipi? Lichomeke kwenye spika yako hiyo."

"Watu watasikia."

"Kwani ulikuwa unampigia nani, kabati?"

Kimya akavua hedifoni, akachomeka waya, akafungulia sauti. Karibu na kabati gita liliunguruma kama mashine ya kusaga. Karibu na kitanda likanyamaza. Akasogea hatua kwa hatua, gita likielekea spika, hadi nyuzi zikaanza kutetemeka zenyewe kwa sauti iliyotoka kwenye spika, mlio ukashika, ukapanda, ukatulia hukohuko juu. Ila mahali penyewe! Palikuwa mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje, wapangaji wote wako uani wanafua. Akarudi ndani hatua moja. Mlio ukafa.

Zilibaki dakika tano. Shangazi akabonyeza simu ianze kurekodi. Kimya akarudi kizingitini, akawapa wapangaji mgongo, akaamini kwamba asipowaona hawamwoni. Gita likalia. Likalia tena kwa raha, kama lililokuwa limezuiwa miaka. Nyuma yake nguo zikaacha kufuliwa.

"Heh!" mama mmoja akasema. "Kumbe huyu huwa anaongea!"

Akatuma hivyohivyo. Kiongozi akajibu: "Nafasi yako iko palepale. Na huyo mama simkati kwenye rekodi."

Ndipo Kimya alipojipapasa usoni akagundua kwamba muda wote huo alikuwa na miwani ya jua. Jioni uani walishaafikiana: yule msichana siku hizi anajisikia.