Nusu Niliyosamehewa

Mimi Rukma siuziwi mbuzi kwenye gunia. Soko zima la vitambaa hapa Indore linanijua: nikigusa kitambaa tu, muuzaji anaanza kujitetea. Ndiyo maana miaka sita iliyopita, benki iliponidai rupia elfu kumi na nane za kadi ya mkopo, nilibishana nao kwenye simu mpaka wakakubali elfu tisa, yaishe. Mume wangu Bherulal alinunua vitamu vya jalebi, tukagawia mtaa mzima. Nilitamba, sikatai.

Mwaka jana mwenye nyumba akasema anauza chumba ninachoshonea. Akanipa mwaka mmoja nikinunue, la sivyo nihamishe vyerehani vyangu. Nikaenda benki nyingine kuomba mkopo. Karani, binti anayeitwa Nirupama, akanionyesha kwenye kompyuta alama yangu ya uaminifu wa kulipa madeni: 611.

"Mama, tunawapa wenye 750 na kuendelea."

"Kwani nimeua?"

"Hapa imeandikwa deni la kadi ulilipa nusu."

"Si walikubali wenyewe!"

"Walikubali, mama. Ila waliandika."

Aibu ilinishika mpaka masikioni. Kumbe miaka yote ile nilikuwa natambia doa!

"Basi, tuhame," Bherulal akasema nyumbani.

"Uhame wewe! Dawa ya deni kulipa."

Nikauza bangili mbili, nikaenda kule walikonisamehe. Karani wao alidhani nimechanganyikiwa.

"Mama, hii ulishasamehewa."

"Sitaki msamaha wenu. Pokea elfu tisa, unipe barua kwamba sidaiwi hata paisa. Na lile neno 'nusu' mlifute."

Walilifuta, baada ya miezi miwili ya mimi kwenda kukaa pale na ushonaji wangu. Kisha nikafuata mafunzo ya Nirupama: kadi ndogo, ninunue nyuzi na vifungo tu, nisifike hata robo ya kiwango ninachoruhusiwa kukopa, nilipe kabla ya tarehe. Sikuchelewa hata siku moja. Hata wiki ya harusi ya mpwa wangu, nililipa nikiwa na hina mbichi mkononi.

Mwezi wa kumi na moja wa ule mwaka niliopewa, nikarudi kwa Nirupama pamoja na Bherulal. Akatazama kompyuta, akatabasamu.

"768, mama! Mkopo upo, riba asilimia kumi." Akainama, akanong'ona, "Ila mwenye alama hii ana haki ya kuomba apunguziwe riba."

Machozi yalinitoka, nawaambieni ukweli. Nikayafuta, nikatupa ncha ya sari begani, nikavuta kiti karibu.

"Bherulal, agiza chai. Leo tutakaa."