Wendell Hutchens Hakushuka

Jumanne ya pili ya mwezi wa tatu, saa nne kasorobo asubuhi, Darla Hutchens alikuwa akikatakata vitunguu katika jiko la shule ya msingi ya Corley, vioo vya madirisha vilipotikisika. Hakuacha kukata. Kampuni ilikuwa ikijaribu injini za roketi kila wiki ng'ambo ya mashamba ya ngano, na mji mzima ulishazoea. Dakika ishirini baadaye msimamizi wa zamu wa kampuni alimpigia simu, akamweleza kwamba valvu moja ilifyatuka na mumewe Wendell, fundi wa valvu, amerushwa juu.

"Ameangukia wapi?" Darla akauliza.

"Hajaanguka, Bi Hutchens. Yuko juu bado."

Darla alivua aproni, akaendesha gari hadi kwenye uzio wa kampuni. Wendell alikuwa hewani juu ya mtambo wa majaribio, kama mita mia kutoka ardhini, amesimama wima na kofia yake ya kazi, kama mtu anayengojea lifti. Upepo ulikuwa mkali siku hiyo lakini haukumsogeza. Msimamizi alimpa Darla kipaza sauti, naye akamuuliza mumewe kama ameumia. Wendell alijibu kwa kupaza sauti kwamba hajaumia wala hasikii njaa, ila anajaribu kushuka na hapati pa kukanyaga. Kisha akauliza, "Injini iliwaka?"

Msimamizi akatikisa kichwa kukubali.

"Iliwaka," Darla akamwambia.

Wiki ya kwanza watu walikuja na viti vya kukunja kumtazama. Wiki ya pili hawakuja. Ndege za kunyunyizia dawa mashambani zilijifunza kumzunguka. Wanawake wa kanisa la Kibaptisti walimletea Darla mabakuli ya tambi na jibini, kama wanavyompelekea mfiwa, kisha wakakubaliana kwamba hakuna aliyefiwa, wakaacha. Kila alasiri baada ya kazi Darla alikwenda uzioni akamsimulia Wendell habari za nyumbani. Mbwa alikuwa ameacha kula. Bomba la jikoni lilikuwa linavuja, na Wendell akamwelekeza kutoka huko juu spana ipi atumie.

Sheria ya kazi ya jimbo ilimtaka mwajiri amtoe mfanyakazi mahali pa hatari. Darla aliiandikia kampuni barua tatu akiitaja sheria hiyo. Kampuni ilijibu kwa adabu kwamba haina winchi ya urefu huo, na kwamba inaomba asubiri kikao cha seneti.

Seneti ya jimbo ilikuwa na mswada wa kukuza viwanda vya anga na utafiti wa anga za juu. Uliahidi nafuu ya kodi, maabara ya setlaiti katika chuo kikuu, na barabara mpya hadi Corley. Mwishoni mwa mwezi wa tatu kiliongezwa kifungu cha tisa. Kilisema kwamba mtu au kitu kitakachopanda zaidi ya mita thelathini wakati wa jaribio kitahesabiwa kuwa angani, na sheria ya kazi haifiki angani.

Aliyeuleta mswada ni Gaylen Teague, seneta wa Corley, aliyesoma darasa moja na Wendell. Darla aliendesha gari kwa saa tatu hadi mji mkuu, akamkuta ofisini kwake anakula sandwichi.

"Kambi ya jeshi ilipofungwa, Darla, mtaa wetu ulibaki na nyumba thelathini tupu," Teague alisema. "Tulibisha hodi kila mahali. Hawa wa roketi ndio waliokuja."

"Kwa hiyo Wendell akae huko."

"Sijasema akae. Nimesema sheria isimlazimishe mtu kumshusha. Wakitaka wenyewe, watamshusha."

"Wewe ungekuwa wao, Gaylen, ungetaka?"

Teague alikunja karatasi ya sandwichi, akasema kamati ya mswada inaanza.

Kamati ilimpa Darla dakika tatu za kuzungumza. Alitumia moja na nusu. Seneta mmoja alimuuliza kama mumewe ana maumivu, akajibu hana. Akaulizwa kama anakula, akajibu hajala tangu apande na wala hajakonda. Seneta akaandika kitu, akamshukuru kwa safari ndefu. Mswada ulipita kwa kura thelathini na nane dhidi ya sita, na gavana akautia saini wiki ile ile.

Jioni Darla alimweleza Wendell.

"Barabara nayo imepita?" akauliza.

"Imepita."

"Hiyo itawafaa watu wa huku," akasema.

Mwezi wa tisa kampuni ilileta winchi ndefu kujenga mtambo wa pili. Darla alipofika uzioni siku hiyo alikuta kikapu cha winchi kikipanda na fundi mmoja ndani yake. Kilisimama sawasawa na Wendell. Fundi alinyoosha mikono, akamkumbatia kiunoni, wakakaa hivyo kama dakika tano. Darla alikuwa ameshika waya wa uzio kwa mikono miwili. Kisha fundi akamwachia, na kikapu kikashuka na fundi peke yake.

Alimfuata Darla uzioni akiwa na ubao wa kushikia karatasi mkononi. Alikuwa kijana mpole. Alieleza kwamba kitu chochote kinachozidi urefu fulani lazima kiwe na taa nyekundu kwa ajili ya ndege, na kazi aliyoandikiwa ilikuwa kufunga taa tu.

"Ulimshika," Darla alisema.

"Ilibidi, mama, ili nifunge mkanda wa taa."

"Ni mzito?"

"Hapana. Hana uzito wowote. Ningeweza kumbeba kwa mkono mmoja."

Darla alitazama juu. Wendell alikuwa akiichunguza taa kiunoni mwake. Fundi akasema anahitaji saini ya mtu wa familia, kuthibitisha kwamba inawaka.

Ilikuwa inawaka. Darla akatia saini.