Hodi Kutoka Ndani ya Boksi

Nitaeleza niliyoyaota usiku wa kuamkia leo, na sitaongeza chumvi, kwa sababu yenyewe yalikuwa yamekolea.

Kwanza mjue hali ilivyokuwa kabla sijalala. Dada yangu Mwanjaa amekuja kutoka Masasi. Mama yetu alipofariki mwaka jana, dada alikuwa wodini, amefanyiwa upasuaji, hawezi hata kukaa, sembuse kupanda basi. Hakumzika mama. Juzi amefika hapa Korogwe, akaenda kaburini, akarudi, akaniuliza jambo moja tu.

"Hiza, ile sidii ya harusi ya Zaina bado unayo?"

Zaina ni binti wa mama yetu mdogo. Kwenye harusi yake mama aliimba, na aliyekuwa anapiga picha za video akamrekodi. Sauti yake nyingine hatuna popote.

Sidii ninayo. Kompyuta pia ninayo, iko chumba cha mbele ninakoshonea sare za shule, ila haina mahali pa kuingizia sidii. Kifaa chake nilikiagiza Tanga mjini, kikaja ndani ya boksi pamoja na karatasi ya maelekezo. Nikaisoma, nikaogopa. Karatasi nzima ni usifanye hivi, usifanye vile. Nikaona nitaunguza kompyuta, au nitaivunja sidii, na mama tutampoteza mara ya pili.

"Tutafanya kesho, dada," nikamwambia.

"Kesho saa sita nina basi," akasema, akaenda kulala.

Nami nikalala. Nikaota nimekaa kwenye cherehani, mchana kweupe, nashona kaptula. Boksi likapiga hodi.

"Hodi!"

"Karibu," nikasema.

"Nitakaribiaje? Mimi niko ndani, wewe uko nje. Anayetakiwa kufungua ni wewe."

Nikafungua. Kifaa kikatoka kimevaa mfuko wake wa rangi ya fedha, kikauvua na kuukunja vizuri kama mtu anavyokunja koti la mvua. Kilikuwa na sauti ya muuguzi wa kliniki ya wajawazito: mpole, lakini hutaki akuambie jambo mara mbili.

"Kabla ya yote, zima umeme," kikasema. "Na nikisema zima, siyo swichi tu. Chomoa."

Nikachomoa plagi ukutani. Feni ikazima. Redio ya jirani ikazima. Nikaona waya bado unakuja, nikaendelea kuuvuta, na mwisho wake jua likazima.

Hakuna aliyelalamika. Sokoni Manundu watu waliwasha tochi za simu, wakaendelea kupimiana mchele. Mama mmoja anayeuza nyanya akachungulia mlangoni kwangu.

"Hiza, ukimaliza uturudishie jua. Nina nyanya hazijaiva."

"Sitachelewa," nikamwambia.

Nikataka kulifungua kasha la kompyuta. Kifaa kikanishika mkono.

"Subiri. Umeme hautoki papo hapo."

Kweli, ukaanza kutoka. Walikuwa watu wembamba waliovaa viatu vya buluu, wanatoka mmoja mmoja kwenye matundu ya nyuma, kila mmoja na begi lake, wananiaga kwa heshima. Nikadhani wameisha, nikasogeza mkono. Akatoka mwingine anachechemea na fimbo.

"Mniwie radhi," akasema. "Mimi nilikuwa ndani kabisa."

"Umeona?" kifaa kikaniambia. "Ungemkanyaga mtu wa watu, naye angekutupa mpaka ukutani. Haya. Sasa wewe mwenyewe."

"Mimi nimefanya nini?"

"Una umeme mwilini. Shika chuma kwanza, ndipo uguse vitu vya ndani. Vya humo ni vyepesi sana, havistahimili hata kidogo ulichobeba."

Nikatazama huku na huku kutafuta chuma. Nilikuwa stesheni. Sikumbuki kutembea, nipo tu, nimechutama kando ya reli, nimeshika chuma cha reli kwa mikono miwili. Kinapita kitu kutoka mabegani, kinashuka mikononi, kinaingia kwenye reli. Kinapita taratibu, na hakiumi.

Kichwa cha treni kilikuwa kimesimama mbali kidogo. Kikakohoa.

"Nimeupata," kikasema. "Lakini huu siyo umeme wa leo. Ni wa mwaka jana. Ulikuwa na msiba?"

"Ndiyo. Mama."

"Na hukulia?"

"Nilikuwa nashughulikia turubai," nikajibu. "Halafu maji. Halafu wageni wa kutoka Lushoto walikosa pa kulala."

"Pole sana, bwana," kichwa cha treni kikasema, na nilijua hakisemi kwa mazoea. "Basi huu tutaupakia. Utafika Moshi, huko watajua la kuufanyia."

Kikaondoka. Nikabaki na mikono myepesi kama nimetua ndoo.

Niliporudi, kasha la kompyuta lilikuwa wazi, na ndani yake kulikuwa na nyumba yetu ya zamani ya Bumbuli. Ukuta wa mbele ulikuwa na kifuniko cha plastiki mahali pa dirisha. Nikakibandua. Nikakiinua kifaa, nikakiingiza kwenye nafasi hiyo. Kikaingia nusu, kikakwama. Nikasukuma.

"Acha!" kikasema. "Kitu kikikataa usikilazimishe. Hebu nitazame. Umeniingiza juu chini."

"Samahani."

"Wewe ungependa kuingizwa nyumbani kwa watu kichwa chini?"

Nikakigeuza. Kikateleza mpaka mwisho chenyewe, kikashusha pumzi. Nikakaza skrubu kwa bisibisi. Skrubu ya kwanza ikanitazama usoni.

"Nibane nitosheke," ikasema, "usinibane mpaka nilie."

Zikabaki waya. Zilikuwa mbili, zimekaa kwenye kigoda zinasubiri, moja pana na nyingine nyembamba. Nikauliza ipi ianze.

"Ile pana ni ya chakula," kifaa kikasema, "nyembamba ni ya maneno. Zote mbili zinatakiwa. Ukimlisha mtu bila kumsemesha, hatakuambia kitu."

Kila waya ikaenda mahali pake. Nilipojaribu kuzibadilisha zilikataa kwa adabu. Nikafunga kasha, nikarudisha plagi ukutani. Jua likawaka. Kutoka sokoni nikasikia yule mama wa nyanya akisema, "Ahsante, Hiza."

Ndipo nikamwona dada Mwanjaa. Amekaa kwenye kiti cha wateja, amenipa mgongo, mkoba mapajani, anasubiri kama mtu aliye kwenye foleni ya daktari. Sikumwita. Trei ikatoka nje kama ulimi wa mtoto anayepimwa homa.

Sidii mbili zikaja mbio. Ya kwanza ilikuwa ya nyimbo za dansi, siijui imetoka wapi.

"Nianze mimi," ikasema. "Nina ufa kidogo tu, hapa pembeni."

"Hapana," kifaa kikasema. "Humu ndani tunazunguka kwa kasi. Ufa kidogo unakuwa mkubwa, unapasuka vipande vipande, unatuumiza sote."

Sidii ile ikainama. "Naweza hata kukaa nje nikasikiliza?"

"Hilo unaweza. Kaa pale kwenye benchi."

Ikaenda ikakaa. Ya pili ilikuwa ya harusi ya Zaina. Ilikuwa na vumbi. Nikachukua kitambaa laini, nikaanza kuifuta kwa kuzungusha.

"Siyo hivyo," ikasema, "utanitia michubuko, na kizunguzungu. Anzia katikati, nyoosha kuja nje."

Nikafuta hivyo. Nikaishika kwa kingo zake, nikailaza kwenye trei, upande wenye maandishi juu. Trei ikajirudisha ndani. Taa ndogo ya kijani ikaanza kupepesa.

"Sasa sikiliza," kifaa kikasema, na mara hii sauti yake ilikuwa ya chini. "Humu ndani nawasha mwanga wa kusomea. Huwezi kuuona, lakini unachoma jicho. Utasikia mtu unayempenda. Usichungulie."

Nikasikia vigelegele. Tumo uwanjani kwa mama mdogo, siku ile ya harusi, ila sioni chochote, nasikia tu. Nasikia masufuria. Nasikia mtu anaita watoto watoke kwenye maturubai. Halafu namsikia mama.

Anaimba. Ni ile sauti yake ya kukwaruza kidogo mwanzoni, inayonyooka akishapata joto. Mama yumo humu, ndani ya kitu nilichokikaza kwa mikono yangu mwenyewe. Kuna sentimita chache tu za bati kati yetu.

Kidole changu kinakwenda kwenye kitufe cha kufungulia trei.

"Taa inapepesa," kifaa kinasema. "Usifungue wakati taa inapepesa."

Nabonyeza. Trei haitoki. Nabonyeza tena. Natafuta pini ya kushonea kwenye shati langu, kwa sababu nimesoma kwamba kuna kitundu kidogo, ukichoma pini trei inatoka hata kama haitaki. Naishika ile pini. Naipeleka kwenye kitundu.

Wimbo unakatika.

"Nani huyo?" anauliza mama.

"Mimi, Hiza."

"Unataka nini?"

"Nataka utoke, mama. Dada Mwanjaa amekuja. Yuko hapa, amekaa."

"Najua amekuja," mama anasema. "Si ndiye ninayemwimbia. Anaumwa tena?"

"Hapana, amepona."

"Alhamdulillahi. Basi weka pini chini, mwanangu. Bado naimba. Ngoja nimalize."

Naiweka pini chini. Naondoa kidole kwenye kitufe. Mama anakohoa, anaanza tena pale pale alipoachia, na wanawake wanaitikia. Ile sidii yenye ufa kwenye benchi inaitikia pia, polepole. Mabega ya dada yanatikisika, lakini hageuki. Mama anaimba ubeti wa mwisho, anaurudia kama alivyozoea, kisha kunakuwa kimya. Taa ya kijani ikatulia.

"Sasa," kifaa kikasema, "unaweza kufungua."

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nilitoka kitandani nikaenda moja kwa moja chumba cha mbele. Kompyuta ilikuwa pale pale, imefungwa. Boksi lilikuwa juu ya meza ya kukatia vitambaa, nacho kifaa kilikuwa ndani yake, kwenye mfuko wake, hakijaguswa na mtu. Nikajicheka peke yangu.

Dada alikuwa jikoni, amevaa nguo za safari, ananimiminia chai. Macho yake yalikuwa yamevimba kidogo, lakini uso umetulia, uso ambao sijauona tangu afike. Nikavuta kigoda, nikakaa. Nikasema leo, kabla ya saa sita, tutakifunga kile kifaa, nishajua namna.

"Tufunge," akasema. "Nitamsikiliza tena."

Nikadhani amekosea kusema. Akanisogezea kikombe bila kuinua uso.

"Lakini na wewe nawe, Hiza," akasema. "Ulitaka kumkatiza ya nini? Si ulikuwa unasikia bado anaimba?"