Wanawake wa Kuinua Pikipiki

Jumatatu saa tatu asubuhi, mkunga wa zahanati alipanda juu ya kreti la soda ili apande pikipiki. Ilikuwa kubwa kuliko kitanda cha kuzalishia, na ubavuni ilikuwa na masanduku mawili ya bati. Ofisi ya afya iliileta badala ya kutengeneza barabara ya mlimani, ambayo gari la wagonjwa lilishaikimbia miaka minne nyuma. Mkuu wa ofisi alisema pikipiki za namna ile zimevuka majangwa. Hakusema waliozivusha walikuwa na urefu gani.

"Dada, miguu umeisahau nyumbani?" aliuliza fundi aliyetumwa kumfundisha.

"Miguu imekuja. Ardhi ndiyo imechelewa."

Somo la kwanza lilikuwa kuinua, maana kuanguka hakuhitaji mwalimu.

"Kilo mia mbili na hamsini," fundi alisema. "Usiivute kwa mikono, kiuno kitakuhama. Ipe mgongo, bana makalio kwenye kiti, halafu rudi kinyumenyume kama unatoka chumbani kwa mkweo."

Mkunga alijaribu mara tisa. Pikipiki iliinuka shibiri moja, ikalala tena.

"Tuna siku ngapi?" fundi aliuliza.

"Mdogo wangu yuko ng'ambo ya mlima, na mwezi wake ndio huu. Mtoto ametanguliza makalio."

Fundi aliacha utani kwa muda wa kutosha kufuta mikono. "Basi jaribu mara ya kumi."

Jumatano mkunga alitoka peke yake, akaanguka kwenye kona ya kwanza. Mwanamke mmoja mwenye tumbo kubwa alitoka kichakani, akakaza nguo kiunoni, akaipa pikipiki mgongo. Mkunga alimtambua. Alikuwa amefia pale pale, juu ya machela, mwaka juzi.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo. Usiguse klachi, sukuma."

Wakaiinua. Mwanamke akapangusa vumbi, akarudi kichakani. Kona ya pili walitoka wawili. Mmoja alikuwa ameshushwa mlima kwa toroli enzi za uhai wake, na aliijua njia kuliko fundi.

"Pita kushoto, mwanangu. Lile shimo la kulia nalijua, ndilo lililonimaliza."

Jioni mkunga alimweleza fundi. Fundi alishukuru, maana kiuno chake mwenyewe kilikuwa kibovu.

"Wako wangapi?"

"Sita. Kila kona ina wake, isipokuwa ile ya mtoni."

"Afadhali," fundi alisema, akaongeza upepo kwenye tairi.

Ijumaa alfajiri shemeji yake mkunga, mume wa mdogo wake, alipiga simu. Uchungu ulikuwa umeanza usiku na mtoto hajageuka. Mkunga akajaza glavu, nyuzi na dripu kwenye masanduku, akaondoka. Alianguka mara mbili, na mara zote mbili wanawake walikuwa wamesimama tayari, nguo zimekazwa. Hakuna aliyepoteza wakati kwa salamu.

Kwenye kona ya mtoni tope lilimtelezesha. Pikipiki ikamlalia mguu. Alingoja. Hakutoka mtu, kwa kuwa pale hakuwahi kufa mtu. Akapiga kelele, na wale sita wakateremka mbio kutoka kona zao, wameshika matumbo. Wakaipa pikipiki mgongo. Ikainuka nusu, ikagoma.

"Tumepungukiwa mmoja," alisema yule wa toroli.

Wakaishikilia pale pale ilipofika, wakihema. Mkunga alijaribu kuuchomoa mguu, haukutoka. Akawaomba wajaribu tena. Wakajaribu tena.

Kisha kutoka upande wa chini alikuja mwanamke peku, nywele zimesukwa nusu. Alikuwa mdogo wake. Akageuka, akabana makalio kwenye kiti, na pikipiki ikasimama.

"Walikuwa wananileta kwako kwa kitanda," alisema alipopata pumzi. "Wamenitua pale chini."

"Mtoto?"

"Mzima. Ana sauti kama mnadi. Nenda, baba yake hajui hata kumshika kichwa."

"Na wewe?"

"Mimi nakaa hapa, dada. Kona hii haikuwa na mtu."

Mkunga akapanda. Mguu ulimuuma, lakini injini iliwaka mara moja. Kule chini wanaume wanne walikuwa wamesimama kando ya kitanda, na shemeji yake amemkumbatia mtoto kama mtu aliyebeba sufuria la moto. Akamtengeneza shemeji mikono, akakata kitovu vizuri, kisha akamfunika mdogo wake.

Wiki iliyofuata mkuu wa ofisi alileta fomu ya maendeleo. Aliuliza kama pikipiki imeanguka.

"Imeanguka mara saba."

"Na imepata hasara gani?"

Fomu ilikuwa na nafasi ya taa, nafasi ya breki na nafasi ya vioo. Mkunga aliipindua aone nyuma. Nyuma ilikuwa nyeupe. Akaigeuza tena, akaandika kwamba kioo cha kushoto kimepasuka.

"Hicho tu?" mkuu aliuliza, akiwa amefurahi. "Basi barabara bado inapitika."