Waliokatwa Sebuleni

Mezani kwa fundi cherehani, upande wa kulia kulikuwa na cherehani na upande wa kushoto kompyuta ya binti yake. Mama alikuwa anakata gauni la mteja, binti anakata filamu. Binti alimtoa paka aliyekatiza mbele ya kamera, akahifadhi kazi yake, na paka akaingia sebuleni akajinyoosha juu ya kitambaa. Mama alimsogeza kwa mkono, maana kitambaa kilikuwa cha watu.

"Huyo wa wapi?" aliuliza.

"Wa kwenye filamu. Nimemkata."

Mama akamwekea maziwa, wakaendelea na kazi.

Binti huyo tangu utotoni alipenda kuwachungulia wateja kupitia tundu la kifungo, jicho moja kalifumba, mpaka mtaa mzima ukamwita Jicho. Alipokua alipiga video za harusi. Mashemeji walimfokea kwa kuwanyima nafasi, na maharusi walimfokea kwa kuwapa mashemeji nafasi kupita kiasi. Siku moja alichoka akaaga. Filamu hii ilikuwa ya kwanza kuwa yake kutoka mwanzo hadi mwisho, hana kampuni wala bosi. Kamera aliishika mwenyewe na kinasa sauti alikibana kwapani. Ilihusu wanawake wa kiwanda cha mashati, ambako mama yake mdogo alishona kola.

Baada ya paka alikuja bawabu wa kiwanda, aliyekatwa kwa sababu ya miayo. Alichagua kiti kizuri kuliko vyote akauliza kama chai ina sukari. Jioni alipotaka kwenda kwake, alivuka kizingiti na kujikuta tena kitini, kikombe mkononi. Alijaribu mara nyingine kwa ajili ya heshima ya mkewe, kisha akavua viatu. Miguu yake ilikuwa imesimama getini miaka mingi, na kusema kweli ilifurahi.

Basi, mkuu wa vipindi wa kituo cha televisheni akaitazama filamu. Aliisifu mpaka Jicho akaona haya. Alisema ataionyesha, na ya pili ataichukua hata kabla haijapigwa. Kulikuwa na jambo dogo tu.

"Dada, yule mama anayezungumzia mlango, mtoe. Mwenye kiwanda ndiye mdhamini wetu."

Mama anayezungumzia mlango alikuwa mama mdogo. Katika filamu alisema, bila kupandisha sauti, kwamba kila asubuhi wakishaingia mlango hufungwa kwa nje, na kwamba siku moshi ulipotoka chumba cha pasi waligonga mpaka mikono ikavimba. Jicho alijua atakachofanya na alijichukia kabla hajakifanya. Alitia sahihi mkataba, uliokataza kipande chochote kuonyeshwa kwingine, kisha akarudi nyumbani akamkata.

Mama mdogo aliingia akiwa bado na sindano kwenye ukosi wa blauzi. Alimsalimia dada yake, akamtazama bawabu, akakaa.

"Kumbe ni mimi," alisema. "Nilidhani utakata wale wanaocheka."

Hakugomba, na hilo lilimuuma Jicho kuliko kugombezwa. Mama mdogo alikuwa na binti mdogo, ambaye kila jioni aliletwa na jirani akalishwa na mama yake palepale sebuleni. Akishashiba mtoto aliuliza kama leo wanakwenda nyumbani wote. Mama mdogo alimshika mkono wakatoka pamoja mlangoni, na kila mara mtoto alijikuta nje peke yake.

Televisheni ilipoonyesha filamu, walioitazama sebuleni ni pamoja na waliokatwa. Simu za pongezi zilimiminika. Mama mdogo alisema picha zimetulia, na kwamba kiwanda kinaonekana kizuri, hata yeye angeomba kazi. Kisha akamgeukia bawabu.

"Ufunguo unao?"

"Ninao hapa." Akapapasa mfuko wa shati. "Mwenzangu anatumia ule wa akiba."

"Na hufikirii kutufungulia?"

"Nikiambiwa nisifunge, sifungi. Sina ubaya na mtu."

Mama mdogo alimmiminia chai nyingine.

Kesho yake mteja alikuja kuchukua gauni. Fundi alimkabidhi gauni, halafu akamkabidhi na mfuko wa mabaki, kila kipande kimekunjwa, hata vile visivyotosha kushonea kola ya mwanasesere. Alifanya hivyo kwa kila mteja tangu aanze kazi. Mteja alipoondoka, alisema huku anatunga uzi:

"Mimi nikikata cha mtu, ninamrudishia. Wewe wako umewaweka kwenye viti vyangu."

Jicho aliwasha kompyuta. Alikaa akaunga vipande vyote alivyovitupa, na jioni akatundika shuka jeupe ukutani uani. Alijua mkataba unakwenda na maji, na filamu ya pili pamoja nao. Akaielekeza projekta ya kuazima kwenye shuka. Wanawake wa kiwandani walikuja na watoto wao, wakakaa juu ya ndoo na mikeka. Paka alikatiza kwenye shuka, na paka wa sebuleni akatoka zake. Bawabu akapiga miayo ukutani, watu wakacheka, naye akavaa viatu, akashukuru kwa chai na kuvuka kizingiti.

Mama mdogo alipomaliza kusema habari za mlango pale kwenye shuka, hakuna aliyepiga makofi. Alitoka sebuleni, akapita katikati ya watu, akambeba binti yake aliyesinzia. Alipofika kwa Jicho alimfuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Nimechoka kukaa," alisema. "Twendeni tukalale kwetu."

Usiku huo Jicho alilala fofofo, hali hana kazi. Asubuhi mkuu wa vipindi alipopiga simu kumwambia yaliyotarajiwa, alimsikiliza mpaka mwisho, akamtakia siku njema, na akahisi kifua chepesi kama aliyetua mtungi.

Kisha alichukua kamera akamsindikiza mama mdogo kazini. Wanawake waliingia mmoja mmoja, wakimgusa Jicho bega wanapopita. Bawabu alimsalimia kwa furaha, akamuuliza hali ya mama na viti vyake. Wa mwisho alipoingia, bawabu aliupapasa mfuko wa shati, akatoa ufunguo, akafunga mlango kwa nje.